Kwa Uwakala

Nilikwenda kupimwa sukari, kituo cha afya, Mabela.
Nesi akanifunga mkono, akasoma jina langu kwenye kadi,
akasema, "Shikamoo."

Sikuwa nimeamkiwa hivyo tangu wanangu waanze skuli
wakajifunza kunibusu kichwa na kuniuliza hali kwa Kiarabu.
Marahaba ilikwama kooni
kama ufunguo kwenye kufuli la kutu.
Nikakohoa.

"Na presha imepanda. Usiku unakula chapati?"
Nikamdanganya. Akajua.

Mwanatumu binti Mwinyikondo, wa Pangani.
Babake mkwezi, kamsomesha kwa madafu,
kila muhula na mchubuko mpya kifuani.
Haya alimwambia Bi Zuweina, mke wangu,
wakichambua mchele;
mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya gazeti,
ukurasa ule ule, saa nzima.

Mnazi ukamwangusha mzee mwezi wa Juni.
Huko walizika alasiri,
huku binti bado yumo zamu, anabadilisha dripu ya mtu.
Tukaweka tanga sebuleni kwetu, siku tatu,
kwa maiti ambaye hakuna aliyemjua ila mmoja.
Majirani wa Kibalushi walileta kahawa na halua,
hawakuuliza.
Mwanangu mkubwa ndiye aliyeuliza: "Huyu nani kwetu?"
Nikatafuta neno kwa Kiarabu,
nikatafuta kwa Kiswahili,
nikamwambia alete viti.

Mimi ni mwalimu wa udereva, miaka thelathini na moja.
Nimefundisha wapishi, masajenti, daktari mmoja mwenye kulia.
Yeye nikamfundisha bure, baada ya alfajiri,
kabla lami haijaanza kutoa mvuke,
Bi Zuweina kiti cha nyuma na chupa ya chai ya zaatari,
akifunga macho kila tukirudi kinyumenyume.
Pipa la kwanza akaligonga. La pili akaligonga.
"Usitazame pipa," nikamwambia, "tazama nafasi."
Akagonga la tatu, akacheka mpaka akalia,
na hakuwa analilia pipa.
Nikazima gari. Tukakaa.
Sikuwa na la kusema, basi nikasema, "Pole,"
neno ambalo nyumbani kwangu
hakuna tena anayelijua kulipokea.
"Nimeshapoa," akajibu.

Kisha akaja Nasoro, fundi wa friji, mtu wa Lindi,
kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani.
Nilimuuliza yasiyonihusu:
mshahara, sala, madeni, kwa nini aliacha kazi ya Sohari.
Alijibu yote, jasho likimtoka chini ya kiyoyozi.
Nikampenda kidogo. Sikumwonyesha.

Siku ya akidi tulimpigia Shomari, kaka mtu.
Alikuwa juu ya kivuko cha Bweni,
injini inanguruma, sauti inakatika:
"Mzee... nimekuwakilisha... umuozeshe wewe..."
Mashahidi wawili wakainamia simu kama wanaonusa chungu.
"Wamesikia," akasema ustaadhi.

Nilimshika Nasoro mkono.
Nimesema mengi maishani kwa sauti hii,
kata kushoto, shika breki, kioo, kioo,
lakini maneno haya yalikuwa na mpaka wake,
nami nikaupita kwa pembeni, bila kuugusa:
Nimekuozesha Mwanatumu binti Mwinyikondo,
kwa uwakala wa kaka yake.

Binti Mwinyikondo. Ndivyo.
Watu husema kuzaa si kazi, kazi ni kulea;
mimi sikumzaa, wala sikumlea.
Mzigo niliukuta umefungwa,
na aliyeufunga alijua kufunga.
Nilishika ncha ya kamba, basi,
kwa mwendo mfupi.

Nje mtu akapiga honi: gari langu limeziba njia.
Nikatoka na kanzu yangu inayonuka udi.
Kiti cha dereva kilikuwa bado mbele kabisa,
kwa miguu yake mifupi.
Nikajibana, magoti yakigusa usukani,
nikarudi nyuma mpaka mwisho wa kichochoro,
nikalitoa gari,
na kiti sikukisogeza.